Wiki ya Sita Haimo Kitabuni

Kwa miaka thelathini na moja ya kufunga vitabu, Gundi hakuwahi kusoma hata kimoja. Msimcheke bado. Mwenyewe alijisifia jambo hilo kama wengine wanavyojisifia kwamba hawajawahi kulazwa hospitali. Kazi yake kiwandani ilikuwa kupokea karatasi kubwa zikitoka mashine ya kuchapa, kuzikunja, kuzipanga, kuzishona, kupaka gundi mgongoni na kuvalisha jalada. Kanuni yake ilikuwa moja tu: tazama namba ya ukurasa, usitazame maneno. Ukianza kusoma, alisema, mkono unakwenda kwake na wewe unakwenda kwako. Alikuwa amekunja vitabu vya sheria, vya mapishi, vya hesabu na vya magonjwa ya ng'ombe, na hakuna kilichomwachia hata sentensi moja. Jina lake la Gundi alipewa hapo hapo kazini, kwa sababu ya vidole vyake ambavyo havikutakata hata alipokwenda harusini.

Na dini nayo ilimpitia hivyo hivyo. Wako watu wanaokataa Mungu kwa hoja, ukikaa nao watakumaliza. Gundi hakuwa na hoja, alikuwa na uvivu. Jumapili asubuhi mkewe alivaa, akafunga kilemba, akachukua Biblia yake, na yeye akabaki uani anafua mashati ya kazi. Basi ndipo utani ulipoanzia.

"Siku ya siku utabaki nje unagonga," mke alimwambia akiwa mlangoni.

"Nitazunguka mlango wa jikoni. Si wewe utakuwa huko unachemsha chai?"

Walitaniana hivyo miaka thelathini na mitatu, wala hakuna aliyemchokoza mwenzake kwa chuki. Mke alikuwa mtu wa imani kweli kweli, si wa maonyesho. Kanisani kwao kulikuwa na darasa la wanaoanza, wiki kumi, kila Jumamosi saa tisa alasiri, kwa yeyote anayetaka kuuliza habari za imani kabla hajaamua lolote. Unakuja, unapewa chai na kitabu kidogo, unauliza unachotaka, hukaripiwi. Mke wa Gundi alilifundisha darasa hilo miaka kumi na minne. Na kile kitabu kidogo kilichapwa wapi? Kiwandani kwa kina Gundi, mara mbili kwa mwaka. Kila neno alilofundisha mke lilipita kwanza mikononi mwa mume, na mume hakuwa na habari nalo. Mke aliwasimulia wanafunzi wake jambo hilo kila mara, na kila mara walicheka.

Walikuwa na mtoto mmoja, binti. Alisomea unesi, akaajiriwa, na tangu siku alipovaa sare mtaa mzima ukaacha kumwita mama yake kwa jina lolote jingine. Akawa Mama Nesi. Alilipenda jina hilo kupita kiasi. Ukimwita hivyo dukani aligeuka na uso wake wote.

Kisha figo za binti zikagoma. Wiki saba alilala kwenye wodi ile ile aliyokuwa akiifanyia kazi. Kanisa lilimwombea kwa zamu, mchana na usiku, na wiki ya tano mzee mmoja wa kikundi cha maombi akasimama mbele ya watu akasema ameonyeshwa binti akitoka hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Mama Nesi aliamini. Alirudi nyumbani mbio, akaipiga pasi sare ya mwanawe, akaipeleka wodini na kuitundika kwenye ndoano pembeni ya kitanda, ili siku ya kutoka isitafutwe. Binti alifariki Alhamisi saa nne asubuhi, sare ikiwa imetundikwa pale pale. Gundi ndiye aliyeitungua.

Hayo yalikuwa ya miezi minane iliyopita.

Mama Nesi hakumlaani Mungu wala hakugombana na mtu. Aliacha tu. Biblia aliiweka chini kabisa ya kabati, chini ya mashuka ya wageni. Alikaa kwenye kiti cha sebuleni tangu asubuhi, pazia limefungwa nusu, khanga mabegani hata siku za joto. Alipika akiambiwa apike, alikula akiambiwa ale. Wanakanisa walikuja, maskini, walikuja wengi, kila mmoja na neno lake: kwamba Mungu hakosei, kwamba binti yuko pazuri zaidi, kwamba yote yana makusudi. Aliwajibu wote neno moja, asanteni. Na waliposhindwa kujua sasa wamwite nani, maana Mama Nesi lilikuwa limegeuka mwiba mdomoni mwao, wakaanza kupunguza safari.

Gundi alibaki naye ndani. Hakuwa na neno hata moja la kumpa. Alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akakaa kwenye kigoda kando ya kile kiti, akatazama pale mkewe alipokuwa anatazama. Alikuwa anamwona anaisha. Nyama za mikono zilikwisha, pete ililegea akaivua akaiweka kwenye sahani. Nisiwafiche, Gundi aliogopa kuliko alivyoogopa hospitali. Kule angalau kulikuwa na madaktari wa kuwauliza. Aliona kabisa kwamba mwaka hauishi kabla hajamzika na huyu.

Ndipo oda ya vitabu ikaja. Katibu wa kanisa aliileta mwenyewe, mama mmoja mnene, mwenye sauti ya taratibu, aliyemwita Mama Nesi dada na kwa hiyo Gundi akawa shemeji yake.

"Vitabu sitini kama kawaida, shemeji," akasema. "Dada anaendeleaje?"

"Yupo."

"Tunamwombea."

"Asanteni."

Katibu akasimama pale, anachezea mkoba. "Na wewe ungekuja darasani, shemeji. Hulazimiki kuamini. Unakuja, unakaa, unakunywa chai, ukichoka unaondoka."

Miaka yote Gundi alikuwa na jibu la swali hilo, na lilikuwa la kuchekesha. Siku hiyo alilitafuta hakuliona.

"Linaanza lini?" akauliza.

Fikra iliyomwingia ilikuwa ya mtu aliyefika mwisho, lakini hakuwa na nyingine. Mke wake alikuwa na kitu, kimempotea. Yeye hakuwahi kuwa nacho. Walio nacho wakija kumrudishia, yeye hawapokei, kwa sababu ni watu wa nje. Je, akikipata yeye, mume, hata kipande, akamletea nyumbani? Kutoka mkononi mwake si anapokea hata uji?

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na moja, Gundi akavunja kanuni yake. Kitabu kile kilikuwa cha mikunjo minne, yaani karatasi kubwa nne, kila moja ikikunjwa inatoa kurasa kumi na sita. Unaweka marundo manne mbele yako juu ya meza, unaokota moja kutoka kila rundo, moja mbili tatu nne, unagonga kingo zilingane, unashona. Mkono wake ulishazoea kuokota mara nne hata akiwa anapiga soga. Alikuwa amebakiza vitabu kama kumi na tano hivi jicho lilipomteleza kwenye mkunjo wa tatu. Kichwa cha habari kilisema: Wiki ya Sita, Nimeomba, Mbona Sijajibiwa?

Akaketi. Akaliteremsha rundo zima la tatu mapajani, akasoma. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, kwa sababu kusoma kulikuwa kumemwia kugumu. Iliandikwa kwamba kimya si kukataliwa. Iliandikwa kwamba aliyeomba asipewe hasikilizwi pungufu kuliko aliyepewa. Akarudia mara tatu. Maneno aliyaelewa yote, moja moja, ila yakikaa pamoja yalimpita. Akaona hiyo ndiyo sababu ya kuwa na darasa, lazima kuna mtu wa kuyafungua. Akalisukuma rundo rafuni nyuma yake, akainuka, akamalizia kazi. Mkono ukaokota mara nne kama ulivyozoea.

Mwendesha mashine, anayeitwa Wino, alimwona. "Leo nini? Umesoma?"

"Nimeangalia tu."

"Umesoma, nimekuona na kidole." Wino alikwenda kanisani kwenye harusi na mazishi tu, lakini alijiona mtaalamu. "Unataka kuingia lile darasa alilofundisha shemeji? Mtu mzima na nywele zako hizo unakwenda kuanza a e i o u?"

"Nafikiria."

"Sasa nikuulize, usikasirike. Unataka iwe kweli, au unataka mkeo arudi kuwa vile?"

Gundi akapaka gundi mgongo wa kitabu, akapaka cha pili. "Mke wangu," akasema.

"Basi huko kanisani hawatakuuzia hicho," Wino akasema, na safari hii hakuwa anatania.

Jumamosi Gundi alimwambia mkewe anakwenda kazini kumalizia oda. Uongo huo ulimkera njia nzima. Ukumbi wa darasa ulikuwa chumba kirefu chenye viti vya plastiki vilivyopangwa duara, meza ya birika, na feni moja inayozunguka kwa kulalamika. Watu kumi na mmoja. Kulikuwa na dereva wa lori aliyeshika funguo zake muda wote, wachumba wawili waliotakiwa kusoma kabla ya kufungishwa ndoa, mama mmoja muuza mitumba, na wengine. Kiongozi sasa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mdogo ambaye Mama Nesi mwenyewe alimfundisha. Alipomwona Gundi mlangoni alisimama, akasahau kikombe mkononi. Hakumwuliza kitu. Alimpa kiti tu.

Vitabu vikagawanywa, vile vya juu kwenye boksi. Mwalimu akaeleza wiki kumi zitakavyokwenda, akauliza kama kuna mwenye swali. Yule dereva akakohoa.

"Mimi nina moja. Mtu akiomba, akaambiwa ndiyo, tena mbele za watu. Halafu ikawa hapana. Hapo huwa imekuwaje?"

Lilikuwa swali la Gundi, neno kwa neno, limetoka kinywani mwa mtu asiyemjua. Akainama mbele.

"Swali zuri sana," mwalimu akasema. "Hilo ni la wiki ya sita. Fungueni ukurasa wa thelathini na tano, muone tu, halafu tutalifikia."

Wakafungua. Karatasi zikachakacha, kisha zikachakacha zaidi. Muuza mitumba akalamba kidole akarudi nyuma. Bwana harusi mtarajiwa akachungulia kitabu cha mchumba wake.

"Mwalimu," dereva akasema, "changu kinafika thelathini na mbili, halafu kinarudi kumi na saba."

"Na changu."

"Na mimi changu kimeanza upya."

Gundi akafungua chake, ingawa alishajua. Rundo la tatu alikuwa ameliweka rafuni, na mkono, kwa kuzoea kuokota mara nne, ulikuwa umeokota mara mbili kwenye rundo la pili. Vitabu kumi na tano vya mwisho vyote, na vya mwisho ndivyo vilivyokaa juu kwenye boksi. Wiki ya sita haikuwemo. Alikuwa ameibakiza kiwandani, pale rafuni anapoweka bakuli lake la chakula. Aibu ikampanda shingoni. Hajawahi kukosea mkunjo tangu awe fundi, na siku aliyosoma ndiyo siku aliyoharibu.

Akasimama. "Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyevifunga."

Wakacheka, kicheko cha watu wema, na mwalimu akasema, "Basi baba, umejifunga mwenyewe, huna budi uje mpaka wiki ya sita utuletee kipande chetu." Gundi naye akatabasamu kwa adabu. Kisha kila mtu akaombwa aseme kilichomleta. Wachumba wakasema ndoa. Dereva akasema kaka yake, akaishia hapo. Zamu ya Gundi ikafika.

"Mke wangu haombi tena," akasema.

Hakuna aliyecheka. Nusu yao walimfahamu mkewe, na wasiomfahamu wakaona nyuso za wenzao. Mwalimu akauliza kwa sauti ya chini kama wangeruhusiwa kumwombea. Wakamzunguka, wakamwekea mikono mabegani, mikono ya watu wazima yenye joto, na dereva akashika kiwiko chake kwa sababu hakujua pengine pa kushika. Gundi akafumba macho akajitahidi. Alijitahidi kweli. Alisema moyoni, kama upo, sikuombi mimi, nakuomba yule. Alingoja. Alisikia feni. Alisikia pumzi ya muuza mitumba. Kingine chochote hakusikia, na walipoitikia amina yeye alikuwa bado anangoja.

Mwishoni wakapewa fomu. Anayetaka kuendelea aandike jina na kutia sahihi kwamba atahudhuria wiki zote kumi, maana watu walizoea kuja mara mbili wakatoweka. Mwisho wa kurudisha ni Jumanne. Gundi akaikunja fomu yake mara mbili, sawasawa kabisa pembe kwa pembe, akaiweka ndani ya kitabu.

Jumapili asubuhi alikuwa uani, mikono ndani ya povu, aliposikia kwamba ndani mtu anatembea. Akaingia mbio mbio na mikono imelowa. Mama Nesi alikuwa amesimama jikoni. Alikuwa ameuchukua mfuko wa kazi atoe bakuli alioshe, jambo ambalo hakulifanya miezi minane, na mkononi alikuwa na kitabu. Alikuwa akikipekua kwa kidole gumba, haraka, bila kuangalia sana, kama mtu anayehesabu mashuka yake mwenyewe.

"Umeruka," akasema.

"Nimeruka, ndiyo. Nilichanganya marundo."

"Kumi na saba hadi thelathini na mbili umeweka mara mbili. Wiki ya sita haimo." Kwenye pembe ya mdomo wake kitu kilitikisika. Ingekuwa zamani kingekuwa kicheko, na Gundi alikingoja kwa roho yake yote. "Hiyo ndiyo niliyokuwa naifundisha mimi," akasema.

"Najua."

"Hujui. Hujawahi kuisoma."

"Nimeisoma. Ndiyo maana nikachanganya."

Hapo akamwangalia mumewe vizuri, labda kwa mara ya kwanza tangu msiba. Akavuta kigoda akaketi. "Kimya si kukataliwa," akasema, na akaendelea, sentensi baada ya sentensi, bila kitabu. Sauti ilikuwa ile ile ya Jumamosi, ya upole, iliyonyooka. Halafu ikasimama.

"Nilikuwa nawaambia watu haya, baba. Waliofiwa. Kuna mama mmoja alikuja, amezika watoto wawili kwa mwezi mmoja. Nikamwambia kimya si kukataliwa. Huku namimina chai. Nikamwuliza na sukari vijiko vingapi." Akajifuta uso kwa kiganja, uso mkavu. "Naye akaniambia asante. Vile vile ninavyowaambia mimi hawa."

Maji yalikuwa yakimtiririka Gundi kutoka mikononi hadi sakafuni.

"Kwa hiyo jana hukwenda kazini."

"Sikwenda. Nisamehe."

"Ukaamini?"

"Hapana. Sijui. Sidhani."

"Utarudi?"

"Nilitaka nikuletee," Gundi akasema. "Nilisema nikikipata kile ulichokuwa nacho, nitakuletea. Sina lingine la kufanya, mama. Nakuona unavyokwisha, sina pa kushika."

Mama Nesi alizungumza na kitabu kilichokuwa mapajani.

"Wote walioingia mlango ule waliingia na kitu cha kuniletea. Wewe tu ndiye uliyekuwa unaingia mikono mitupu. Unavua viatu, unakaa hapo. Huniambii kuna makusudi. Hivyo ndivyo nimeweza kuamka kila siku, kwa sababu humu ndani kuna mtu mmoja asiyeniambia kitu." Akainua uso. "Ukienda ukaamini, utaanza kuniambia. Hutaki lakini utaanza. Nami nitabaki na nani?"

Gundi akasema amesikia. Akarudi uani kumalizia mashati, akayasuuza mara tatu bila kukumbuka kwamba ameshayasuuza.

Siku mbili alizunguka na jambo hilo. Asipokwenda, anamwacha kwenye shimo lile lile, na siku zake zinahesabika. Akienda, anamwacha peke yake shimoni na yeye ndiye anayepanda. Nitawaambia ukweli, mimi ningekuwa yeye nisingejua. Aliligeuza upande huu na upande ule kazini.

Jumanne mchana Katibu akaja na vile vitabu vibovu kumi na vinne, cha kumi na tano alikuwa nacho Gundi mwenyewe. Gundi akavifumua mbele yake, akachomoa mkunjo uliozidi, akaweka wa tatu mahali pake, akashona upya. Hakusoma. Aliangalia namba tu. Alipomaliza akatoa fomu mfukoni, akamkabidhi ikiwa imekunjwa. Katibu akaifungua, akaona hakuna jina.

"Shemeji."

"Nina kazi nyumbani," Gundi akasema.

"Muhula ujao, basi. Tutakungoja."

"Asanteni," akasema, na alipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwake akageukia mezani haraka.

Alifika nyumbani jua likiwa bado linawaka kwenye bati la jirani. Mama Nesi alikuwa kwenye kiti chake. Akamwacha avue viatu, akamwacha anawe, akamwacha aketi.

"Umewarudishia?"

"Nimewarudishia."

"Umeandika jina?"

"Sikuandika."

Akaitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili. Kisha uso wake ukaanza kuharibika, kuanzia kidevuni, na Gundi akashtuka akamshika goti.

"Si wewe mwenyewe uliyesema nisiende?"

"Ni mimi."

"Sasa?"

"Nilidhani utabisha." Akajifuta kwa pindo la khanga. "Mtu hujawahi kunisikiliza tangu unioe. Nikikuambia mvua inanyesha unatoka nje kuhakikisha. Nikasema huyu atabisha, atakwenda tu. Nitamkasirikia, nitamnunia, lakini atakuwa amekwenda. Na ndani ya nyumba hii kutakuwa na mtu mmoja anayeniombea. Mimi nimeshindwa, baba. Kila siku najaribu, nashindwa. Nilidhani utakwenda."

Gundi alikuwa amechagua kile alichoombwa, na kile alichoombwa hakikuwa kile alichotakiwa. Wala hakukuwa na wa kumlaumu, hata yeye mwenyewe. Katibu alishaondoka na fomu, lakini si fomu iliyomuumiza. Alivuta kigoda karibu hadi magoti yao yakagusana.

"Nifundishe wewe, basi," akasema. "Hapa hapa. Sisi wawili."

Polepole, Mama Nesi akaweka mikono mapajani, viganja vikiwa juu, jinsi alivyozoea kukaa mbele ya darasa. Gundi akamwiga. Akafumba macho.

"Baba," Mama Nesi akasema.

Gundi akangoja.

"Baba," akasema tena, na sauti ikaishia hapo.

Neno linalofuata katika sala ya Bwana Gundi alilijua. Nani asiyelijua? Amelisikia kwenye kila harusi na kila mazishi, amelisikia juu ya kaburi la mwanawe. Neno dogo tu, na lilikuwa limeshamkaa mdomoni. Akafumbua macho. Mkewe alikuwa bado amefumba yake, shingo imeinuka kidogo, anasubiri mtu amsaidie. Lakini Gundi hakuliamini neno lile. Angelitamka, yule mwanamke angejua papo hapo kwamba anadanganya, na angekuwa ameingiwa mlangoni na mtu mwingine tena aliyemletea kitu. Akalimeza.

Mama Nesi akasubiri kidogo zaidi. Kisha akafumbua macho, akaifumba mikono yake, akamwuliza kama amekula.